Matandazo hayafukiwi

Matandazo ni majani makavu, mabua, magugu yaliyokatwa kabla ya kutoa mbegu au masalia mengine ya mimea yanayolazwa juu ya udongo ili kuukinga na jua, upepo na matone ya mvua, na hivyo kuuhifadhia unyevu wake. Maana ni hiyo tu, wala haina ugumu. Kilichonifanya niandike ni mafunzo niliyohudhuria kwenye mteremko mmoja wa Lushoto, ambako mwezeshaji alisema si chini ya mara tatu "matandazo, yaani mboji", kisha akamwelekeza kijana mwenye jembe ayafukie yasije yakapeperushwa.

Neno lenyewe lingetosha kumzuia. Matandazo yametokana na kutandaza, na kutandaza kumetokana na kutanda, kitenzi ambacho hakijawahi kwenda chini ya kitu chochote. Wingu hutanda juu ya mlima, utando hutanda juu ya maziwa yaliyopoa, mtandio hukaa juu ya kichwa na mabega, na kitanda ni mahali pa kutandika shuka, ambayo hakuna aliyewahi kuichomeka ndani ya godoro akasema ametandika. Tena kilichotandikwa huweza kutanduliwa, na hiki kwangu ndicho kipimo kizuri kuliko vyote shambani: ukiweza kuyafunua majani kwa vidole ukauona udongo, hayo ni matandazo. Siku ile nilifanya hivyo kwenye tuta la kabichi la jirani, saa tano asubuhi, wiki mbili baada ya mvua ya mwisho. Chini ya majani udongo ulikuwa mweusi, umeshikana kidogo, na nyungunyungu mmoja akijivuta kurudi gizani, ilhali hatua moja pembeni, palipokuwa wazi, udongo ulikuwa umefanya ukoko na kupasuka.

Mboji ni kitu kingine: ni kile kinachobaki baada ya mimea kuoza hata isitambulike tena. Ni kweli kwamba matandazo huoza taratibu kuanzia upande wa chini na mwishowe kuwa mboji, na nadhani hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia, lakini kuyafukia makavu kwa haraka kuna hasara yake. Vijidudu vinavyoozesha mabua yaliyofukiwa huchukua kwa muda naitrojeni ya udongo, kirutubisho ambacho mimea inakihitaji, miche iliyo karibu ikaanza kuwa manjano, na mkulima akaapa kwamba matandazo yamemharibia shamba, ilhali hakuwa nayo hata siku moja.

Sisemi kwamba kufukia majani ni kosa. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wamekuwa wakifanya hivyo kwa vizazi vingi katika kilimo chao cha ngoro: nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana ikafanya miraba kwenye mteremko mkali, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kurushwa juu ya zile nyasi, hata mlima mzima ukajaa mashimo yenye kingo, maji ya mvua yakituama humo badala ya kuporomoka na udongo. Ni ufundi ninaouheshimu sana. Lakini nyasi zile ziko chini, na Wamatengo wenyewe wana jina lao la kuuita ufundi huo.

Ndugu wa matandazo ni kupunguza kukatua ardhi, na hapa lugha yetu ina mtego wake. Kulima kwetu ni kugeuza udongo kwa jembe na pia ni kazi nzima ya shamba, kwa hiyo mwezeshaji aliposema "punguzeni kulima", mzee mmoja aliuliza kwa upole kama basi watoto wale mawe. Angesema kukatua, angeeleweka. Kila jembe linapougeuza udongo, tabaka lenye unyevu hupelekwa juani, na vijia vya nyungunyungu na mizizi iliyooza, ambavyo ndimo maji huingilia, huvunjwa. Anayetandaza hupasua majani pale tu anapotaka kupanda, akachimba shimo la mbegu na kuacha pengine pote palivyo.

Kuhusu hofu ya upepo na maji, ambayo ni ya haki kwa mtu wa mlimani, mabua hulazwa kukingama mteremko, marefu yakashikiliwa kwa vigingi, na nafasi kidogo ikaachwa kuzunguka shina lisioze. Na lile jembe la kijana lilikuwa na kazi yake siku ile: kuvipigilia vigingi kwa kisogo chake.