Barabara ya Alaska: ukiona kibendera, punguza mwendo

Mimi ni mhandisi wa barabara. Wanaopanga kwenda kaskazini mwa Kanada kwa gari-nyumba huniuliza kwanza kuhusu dubu. Laiti wangeanza kuniuliza kuhusu udongo.

Ukitoka Haines Junction, eneo la Yukon, kuelekea Alaska, milima ya Saint Elias inakusindikiza mkono wa kushoto hadi Ziwa Kluane litokeze. Simama hapo, uuangalie mlima Thechàl Dhâl. Kondoo weupe wa mwituni hupenda miteremko yake. Ila funga madirisha, ya paani pia. Mwaka 2016 barafu ya mlimani ya Kaskawulsh iliyeyuka na kurudi nyuma kiasi kwamba maji yake mengi yakashika njia nyingine, na kitanda cha mto kilichoachwa kikavu sasa hutimua vumbi zito.

Ukishapita Destruction Bay, lami inaanza kupanda na kushuka kama mawimbi mpaka Beaver Creek. Chini yake pana ardhi iliyoganda miaka na miaka, yenye barafu ndani. Kinachoilinda na joto la kiangazi ni mimea midogo inayotanda juu yake kama zulia, pamoja na miti. Ukiikwangua, barafu inayeyuka na ardhi inatitia. Wenzangu wa Afrika Mashariki wanaujua udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Huu nao hautulii.

Wanajeshi wa Marekani walioijenga barabara hii walilijua hilo kwa taabu mwaka 1942. Katingatinga zilikwangua mimea hiyo na njia ikageuka tope, ikabidi watandike magogo na kujaza kifusi juu yake. Zaidi ya 3,000 kati yao walikuwa Wamarekani weusi, waliotengwa katika vikosi vyao. Oktoba mwaka huo, karibu na Beaver Creek, katingatinga la Koplo Refines Sims, mweusi, lilikutana msituni na la Alfred Jalufka, mzungu, na pande mbili za barabara zikaungana. Kila nipitapo hapo huwakumbuka.

Lami nyeusi hufyonza jua, na theluji inayosukumwa pembeni hufunika ardhi kama blanketi, baridi isiifikie. Ndiyo maana mwaka 2008 kipande cha majaribio kilijengwa karibu na Beaver Creek: mabanda ya kuzuia theluji, mawe makubwa ya kupitisha hewa baridi, lami ya rangi hafifu. Natamani wasafiri wangepunguza mwendo hapo wakaviangalia.

Vibendera vidogo kando ya njia huonyesha palipovimba au kutitia. Mkia wa gari-nyumba huzidi sana ekseli ya nyuma, hivyo magurudumu yakiingia bondeni huo ndio unaogonga chini. Vitu vizito visikae nyuma, komea makabati, funga breki kabla ya wimbi, si juu yake. Kipande cha Destruction Bay hadi Beaver Creek mimi hukipangia nusu siku, na mafuta hujaza Haines Junction.