Tabo ya dizeli ikifungwa kwenye injini ya petroli

Haupiti mwezi bila mteja kuniletea tabo ya mtumba, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi, iliyofunguliwa kwenye Prado au Hilux ya dizeli, akitaka niifunge kwenye Mark II yake ya petroli. Sababu ni bei: tabo za dizeli zimejaa kwenye maduka ya vipuri, ilhali zilizotengenezwa kwa ajili ya petroli ni adimu, na muuzaji anajua hivyo. Kazi yenyewe siikatai moja kwa moja, kwa kuwa tabo haijui inasukumwa na moshi wa mafuta gani. Lakini kabla ya kushika spana hufanya hesabu mbili, ya hewa na ya moto, na mara nyingi ile ya kwanza tu hutosha kumaliza mazungumzo.

Injini ya mipigo minne huvuta hewa ya ujazo wake wote kila inapozunguka mara mbili. Chukua 1KZ-TE, injini ya dizeli ya lita 3 ya Prado, ambayo nguvu yake hufika kileleni kwenye mizunguko 3,600 hivi kwa dakika: pasipo kuhesabu presha ya tabo, itavuta lita 5,400 za hewa kwa dakika. Sasa chukua 1JZ-GE, injini ya petroli ya lita 2.5 ya Mark II, inayopaswa kufika mizunguko 6,000: itavuta lita 7,500. Injini iliyo ndogo kwa nusu lita inadai hewa zaidi kwa karibu asilimia 40, na moshi wake, kwa kuwa ni wa moto zaidi, umetanuka na unataka njia pana zaidi ya kutokea.

Nilijifunza hili kwa kuharibu. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii nilifunga tabo ya 1KZ kwenye Mark II ya mteja mmoja, na hadi mizunguko 3,500 gari lilivuta vizuri kiasi kwamba mwenyewe alikuwa anacheka peke yake kwenye usukani. Kuanzia 4,500 ilikuwa kama mtu ameziba eksozi kwa kiganja. Mlango mdogo wa tabo unaopunguza moshi ili presha isizidi ulikuwa umefunguka hadi mwisho, na bado mshale wa presha ulizidi kupanda, kwa sababu tundu lake lilichongwa kwa moshi wa dizeli. Kwenye dizeli hewa ikizidi haileti balaa kubwa, maana nguvu hupimwa kwa mafuta yanayonyunyizwa; kwenye petroli kila hewa inayoingia inaandamana na mafuta yake, na presha ikikutana na joto, mchanganyiko huwaka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Injini ile ilikuwa na mgandamizo, yaani kiasi pistoni inavyobana hewa ndani ya silinda, wa 10 kwa 1, wakati 1JZ-GTE za mwanzo, zilizotoka kiwandani na tabo, ziliteremshwa hadi 8.5 kwa 1. Wiki ya tatu gari lilirudi limefungwa kamba, pistoni moja imevunjika kingo za ringi. Nusu ya gharama niliibeba mimi.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini wapenzi wa magari wa Marekani wamekuwa wakiipenda Holset HX35, tabo iliyofungwa kwenye Dodge Ram za miaka ya 1990 zenye dizeli ya Cummins ya lita 5.9. Injini hiyo ikizunguka mara 2,500 huvuta takriban lita 7,375 kwa dakika, yaani karibu sawa kabisa na 1JZ yetu ikiwa kwenye mizunguko 6,000. Hapo tabo na injini zinaelewana, ila huko juu tu. Kwenye mizunguko 3,000 petroli hiyo hutoa nusu ya moshi huo, na tabo imelala. Dereva anakanyaga, anasubiri, kisha nguvu inamjia yote kwa mkupuo. Kwa gari la mashindano ya mwendo wa moja kwa moja hilo linavumilika, lakini kwa gari la kupeleka watoto shule ni kero.

Moto ni habari nyingine. Dizeli humeza hewa nyingi kuliko inayohitaji kuunguza mafuta yake, na ziada hiyo hupooza moshi. Ikibeba mzigo mzito moshi wake huwa kwenye nyuzi 700 hadi 850 za Selsiasi, ilhali wa petroli hufika 950 na hata kupita 1,000. Chuma cha kawaida cha nyumba ya tabo ya dizeli hakikukusudiwa kukaa huko, ndiyo maana nyufa za kwanza huwa nazitafuta kwenye ulimi unaotenganisha njia ya moshi na pale mlango mdogo unapokalia.

Kibaya zaidi hutokea gari likishazimwa. Oili imesimama, nyumba ya moshi bado imewiva, na joto linatembea taratibu kuelekea kwenye shafti na bushi zake. Tabo nyingi za petroli zina njia ya maji katikati, na maji yale huendelea kuzunguka kidogo yenyewe hata injini ikiwa kimya. Tabo nyingi za dizeli hupozwa kwa oili peke yake. Nikifungua moja iliyokaa mwaka kwenye petroli, njia ya kurudishia oili huwa imebanwa na ukoko mweusi, mgumu kama ule wa chini ya sufuria ya wali, na naukwangua kwa bisibisi. Aliyekwisha kufunga tabo ya namna hiyo aache injini iungurume dakika mbili kabla ya kuzima, kila siku, hata akiwa na haraka.

Tena kuna ile sauti ya «tututu» ambayo vijana wanaipenda mno. Ni hewa inayogonga mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, uliofungwa baada ya dereva kuachia mafuta, ikairudia feni kinyumenyume. Dizeli nyingi za zamani hazina mlango huo, kwa hiyo tabo zake hazikuja na vali ya kutolea upepo huo nje. Wao wanasikia muziki. Mimi nasikia beringi ya msukumo, ile inayozuia shafti ya tabo isisogee mbele na nyuma, ikiliwa.

Zilizobaki ni tabo za D-4D, dizeli mpya zaidi za Toyota, zenye mapanga madogo yanayojigeuza kuzunguka feni ya moshi. Porsche walifanikiwa kuweka mapanga ya aina hiyo kwenye 911 Turbo ya petroli mwaka 2006, lakini kwa metali maalumu za kustahimili joto la karibu nyuzi 1,000. Haya ya Hilux hukwama kwa masizi hata yakiwa kwenye dizeli yake, na hayaendi bila kompyuta inayoyaamuru. Anayekuja na hiyo namwambia airudishe dukani kabla hajamlipa bodaboda.