Mizani Yako Haijawahi Kuyaona Mafuta Yako

Nimeletewa tena picha ya skrini ya simu yenye vipimo vya mizani ya nyumbani inayodai kupima mafuta ya mwili: Jumatatu mafuta asilimia 31.2, Alhamisi asilimia 28.9, pamoja na swali la ni chakula gani kilichofanya kazi hiyo ili mhusika aendelee kukila. Hakuna chakula kilichofanya kazi hiyo. Kwa mtu wa kilo 80, tofauti hiyo ni takriban kilo 1.8 za mafuta, nazo zimebeba nishati inayokaribia kilokalori 14,000. Ili aziunguze kwa siku tatu, angelazimika kukaa bila kula siku zote hizo na bado akimbie marathoni mbili. Alikuwa ofisini.

Mizani ya nyumbani haipimi mafuta. Elektrodi, yaani vibao vya kupitishia umeme vilivyo chini ya nyayo, hupitisha mkondo dhaifu wa umeme, chini ya miliampia moja, mara nyingi kwa masafa ya kilohezi 50, na kitu pekee inachopima, ukiacha uzito, ni ukinzani wa mwili dhidi ya mkondo huo. Maji yenye chumvi hupitisha umeme, mafuta huupitisha kwa shida. Kutokana na ukinzani na urefu wako inakadiria maji ya mwili. Kisha inachukulia kwamba tishu zisizo mafuta ni maji kwa takriban asilimia 73, inakadiria tishu hizo, na kuziondoa katika uzito wote. Mafuta ni baki la hesabu, na kila kosa la hatua zilizotangulia humwagwa humo humo.

Anayebisha afanye jaribio dogo. Apime, abadilishe umri wake katika programu ya simu kutoka miaka 30 hadi 60, kisha apime tena papo hapo. Kwenye mizani nyingi asilimia ya mafuta itabadilika, ingawa mwili haujabadilika hata kidogo. Achague ile hali ya mwanamichezo, na mafuta yatashuka kwa kubonyeza kitufe, jambo ambalo mimi na wataalamu wenzangu wa lishe tumeshindwa kulifanya miaka yote hii. Sababu ni kwamba ukinzani peke yake hautoshi, kwa hiyo watengenezaji huutia katika mlinganyo pamoja na umri, jinsia, urefu na uzito, na mlinganyo huo ulipatikana kwa kupima kundi fulani la watu. Namba unayosoma ni kadirio la jinsi watu wanaofanana nawe kwenye karatasi walivyokuwa, likirekebishwa kidogo na miguu yako.

Nasema miguu kwa makusudi. Mkondo hupanda mguu mmoja na kushukia mwingine, ukipita sehemu ya chini tu ya kiwiliwili. Tumbo, ambako kitambi kinakaa na ambako sisi wataalamu wa lishe tunaogopa zaidi, halipimwi ipasavyo. Hata hivyo skrini hukuonyesha kiwango cha mafuta yanayozunguka ini na utumbo bila haya yoyote. Hicho kimekisiwa, na ule "umri wa mwili" ambao skrini hiyo hukuonyesha sitaujadili kabisa.

Kuhusu maji nitasema kwa kifupi. Ukitoka jasho jingi au ukipima kabla ya kufuturu, ukinzani hupanda na unaonekana umenenepa. Ukinywa nusu lita na kupanda mizani mara moja, maji yako tumboni, uzito umeongezeka, ukinzani haujabadilika, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inaandikwa kuwa mafuta. Hedhi, chakula cha chumvi, ngozi baridi na hata magaga visiginoni huvuruga usomaji.

Hapo ndipo wenzangu hutoa ushauri wa kawaida kwamba usijali namba, fuata mwelekeo. Nami huutoa, nikiongeza kwamba upime asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kunywa kitu, lakini siuamini kikamilifu. Kwa kuwa uzito umo ndani ya mlinganyo, mtu anayepungua uzito karibu daima ataonyeshwa kwamba mafuta yanapungua, hata kama sehemu nzuri ya alichopoteza ni misuli. Mwelekeo huo unaweza kuwa uzito wako uleule uliovaa joho.

Wala kipimo cha DXA cha hospitali, kinachotumia eksirei, si hakimu wa mwisho. Kila njia ina dhana zake: mwanasayansi William Siri alipochapisha mwaka 1961 mlinganyo wake wa kukadiria mafuta kutokana na densiti ya mwili, alichukulia kwamba mafuta yana densiti ya gramu 0.9 kwa sentimita ya ujazo na tishu nyingine gramu 1.1, kana kwamba binadamu wote wametoka kiwanda kimoja. DXA nayo ina dhana zake kuhusu maji ya tishu. Hakuna anayemwondolea mtu aliye hai mafuta yote ili ayapime. Kwa wateja wangu wa huku Afrika Mashariki shaka huongezeka, kwa sababu milinganyo mingi iliyochapishwa ilitokana na watu wa Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki, ilhali uwiano wa miguu na kiwiliwili hutofautiana baina ya jamii, na miguu ndiyo inayopimwa.

Kwa hiyo huwa naomba futi ya fundi cherehani. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako, tuna jambo la kuzungumza, na kikipungua sentimita nne kwa miezi miwili huku uzito umesimama palepale, nitakupongeza hata mizani ikidai umeongeza mafuta. Wenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo wasiipande kabisa mizani ya aina hii, na wajawazito waitumie kwa uzito tu, baada ya kuizima sehemu ya umeme.