Je, mjuzi wa gemu lazima ageuze kamera?

Wapo wanaoamini kwamba mchezaji mzoefu wa gemu za video hugeuza kamera, yaani jicho la kutazamia ndani ya gemu: akisukuma kijiti cha padi ya kuchezea mbele, anatazama chini, akikivuta nyuma, anatazama juu. Imani hiyo haikuzuka hivihivi. Rubani akivuta usukani, pua ya ndege huinuka, na gemu za urubani zilifuata mtindo huo.

Lakini gemu nyingi za leo huja na kamera isiyogeuzwa, na wachezaji wengi huiacha hivyo. Kugeuza si kipimo cha ustadi. Inaniuma chipukizi akilazimishwa kubadili ili aonekane mjuzi.

Jipime mwenyewe: fungua mipangilio, geuza mhimili wa juu na chini, kisha lenga shabaha zilezile kwa njia zote mbili. Dakika za mwanzo zisikuamulie, maana mkono huchelewa kuzoea.