612 si idadi ya mapigano

Wiki hii tena. Mteja kaniletea daftari la babu yake, rubani wa Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hata sijalifungua, akanitangazia: "Humu kuna mapigano 612." Nikaenda ukurasa wa mwisho. 612 ilikuwa namba ya mstari wa mwisho, basi.

Safu ya kwanza ya Flugbuch, yaani daftari la safari za rubani, huhesabu kila mara rubani alipopaa, tangu akiwa mwanafunzi. Ukizunguka kiwanja dakika sita ukatua, namba imepanda. Cha kutazama ni safu ya Zweck des Fluges, yaani madhumuni ya safari.

Hapo ndipo ninapochoshwa kabisa. Mtu akiona neno Feindflug, tayari anasikia risasi. Jamani! Feindflug ni safari ya kivita: kusindikiza ndege za mabomu, upelelezi, kuwasaka adui. Rubani aliweza kukaa angani saa nzima asione ndege hata moja ya adui, akarudi na risasi zake zote, na mstari ukaandikwa Feindflug vilevile. Kama alikutana nao, tafuta neno Feindberührung, mara nyingi kwenye safu ya maelezo, pembeni kabisa, kwa mwandiko uliobanwa hadi unauma macho. Erich Hartmann, anayetajwa kwa ushindi 352, yaani ndege za adui alizoangusha, ambao hakuna rubani mwingine aliyeufikia, anahesabiwa Feindflug 1,404 na mapambano 825. Piga hesabu mwenyewe. Ikiwa yeye alirudi mara mamia bila kupambana, babu yako je?

Na ile beji, Frontflugspange, iliyoanzishwa Januari 1941: shaba kwa safari za kivita 20, fedha kwa 60, dhahabu kwa 110. Ni safari. Kila mwezi lazima atokee mtu wa kuniambia dhahabu maana yake ni ndege 110 zilizoangushwa.

Werkstattflug? Neno Werkstatt ni karakana, lakini hapana, babu hakuwa fundi. Ndege imetoka matengenezo, anairusha kidogo kuijaribu. Überführungsflug ni kuhamisha ndege kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine.

Ushauri wangu haubadiliki: piga nakala, chukua penseli, weka alama kwenye Feindflug peke yake, kisha uzungushie zenye Feindberührung. Usiiguse karatasi ya asili kwa kalamu ya wino, nitakufukuza.

Tulifanya hivyo na mteja wangu. Feindflug 94, zilizozungushiwa 23. Beji aliyokuwa nayo kwenye bahasha ilikuwa ya fedha, inalingana. Alikunja uso, akaniuliza kama hakuna daftari jingine. Nikamwambia akatafute Leistungsbuch, lile la safari za kivita pekee. Namba zake zitakuwa ndogo zaidi ya 612, hilo nilimwambia mapema.