Kabla ya Kulaumu Tezi Dume, Pima Mkojo

Mgonjwa wangu yeyote mwenye dalili za tezi dume iliyokua huondoka siku ya kwanza na kazi ya nyumbani: daftari la mkojo. Kwa siku tatu, mchana na usiku, anaandika saa aliyokojoa na kiasi kilichotoka, akipimia kwenye jagi lenye alama za mililita. Anaandika pia alichokunywa, saa aliyolala na aliyoamka, na kama mkojo ulimbana ghafla au ulimtoka kabla hajafika chooni. Wapo wanaoona aibu, na wapo wanaoona ni usumbufu. Nawaelewa, lakini silegezi, hasa kwa anayeamka usiku.

Dodoso la IPSS, yaani fomu ya kupima ukali wa dalili za tezi dume tunayotumia kliniki, lina maswali saba ya dalili, na linauliza mambo ya mwezi mzima uliopita. Linaniambia unaamka mara ngapi, tena kwa kadiri unavyokumbuka. Haliniambii unatoa kiasi gani, na mara nyingi kiasi ndicho kinachonionyesha tatizo liko wapi.

Tuseme mzee wa miaka 70 anaamka mara nne, na kwa saa 24 ametoa mililita 1,800. Nikijumlisha mkojo wa usiku na ule wa kwanza wa asubuhi (nao ulitengenezwa akiwa amelala), napata 900. Nusu nzima! Kwa aliyevuka miaka 65, ukizidi theluthi moja tunasema figo zinatengeneza mkojo mwingi mno usiku. Hapo namwangalia miguu kama inavimba jioni, kwa sababu akijilaza maji hayo hurudi kwenye damu na figo huyatoa. Namuuliza kuhusu moyo, kuhusu kukoroma na kukatika pumzi usingizini, na saa anayomeza dawa ya kupunguza maji mwilini. Huyu hata nikimfanyia upasuaji wa tezi, mkojo unaweza kutoka kwa kasi nzuri zaidi, na usiku bado akaamka. Ni uchungu kumpitisha mtu kwenye kisu kwa tatizo ambalo kisu hakiligusi.

Mwingine naye anaamka mara nne, ila kila mara hutoa mililita 80 au 100 tu, na mchana ni vivyo hivyo. Huenda kibofu chake kinajikaza kabla hakijajaa, au hakimalizi mkojo wote. Daftari halitenganishi hayo mawili, kwa hiyo napima kwa ultrasaundi mkojo uliobaki baada ya kukojoa. Anayetoa zaidi ya lita tatu kwa siku nampima kisukari, kisha tunazungumzia anavyokunywa.

Siku hizo tatu za daftari, kunywa kama kawaida yako. Ukijibana ili nionyeshwe namba nzuri, nitatibu mtu mwingine. Lakini mkojo ukigoma kabisa kutoka, au ukiona damu, usikae kujaza daftari. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.