Kabla ya Ashe kulikuwa na Althea

Watu wengi bado wanaamini mtu mweusi wa kwanza kubeba Grand Slam ya tenisi (moja ya yale mashindano manne makubwa: Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani) ni Mmarekani Arthur Ashe, US Open 1968. Hapana jamani, Ashe ni mwanaume mweusi wa kwanza, na heshima yake iko palepale. Ila miaka 12 kabla yake Althea Gibson, dada aliyekulia Harlem, mtaa wa New York, alishabeba ya Ufaransa 1956, halafu 1957 akachukua Wimbledon akakabidhiwa kombe na Malkia Elizabeth mwenyewe, mwaka huohuo akabeba na ya Marekani, na 1958 akazirudia zote mbili! Jumla mataji 11 ukiweka na ya dabo (ya kucheza wawili wawili). Inauma sana akisahaulika.